Nyota moja wanaipokeaje? Nimezikagua kampuni ndogo za gemu kwa majibu yao

Wakuu, mimi nikitaka kununua gemu ya kampuni ndogo trela siangalii, trela kila mtu anajua kutengeneza. Nafungua ukurasa wa gemu, nashuka moja kwa moja mpaka kwenye rivyu mbaya, zile za watu wenye hasira zao, halafu nasoma kampuni imejibu nini chini yake au imekausha. Hapo ndo najua hela yangu itakuwa salama au naenda kuliwa. Nyota zina kazi yake sikatai, ila nyota zinakwambia gemu ilikuwaje mpaka jana, ikija kuzingua kesho utakayekuwa naye ni yule anayejibu.

Nina banda la gemu hapa Dodoma, Chang'ombe, PS mbili na pisi (kompyuta) mbili, wateja wangu ni madogo wa sekondari, bodaboda wakisubiri abiria, na wikiendi wanafunzi wa chuo. Mpira ndo unaolipa kodi, hilo halina ubishi, ila watu wakishachoka mpira wanataka kitu cha kucheza wanne kwa pamoja huku wanazomeana, na gemu za namna hiyo nyingi zinatoka kwa studio ndogo, watu watano, kumi, kuna zingine ni mtu mmoja tu kajifungia chumbani kwake. Sasa bei kwenye Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, huku kwetu inasoma kwa dola maana shilingi haimo, ongeza makato ya kadi ya mtandaoni, ongeza bando la kushusha mzigo wa GB kadhaa, unajikuta gemu ya dola kumi imekula mapato ya siku nzima na chenji ya kesho. Kwa hiyo kununua kwa kubahatisha kwangu haipo.

Kampuni ninayoikagua leo jina silitaji, kwa sababu mwisho wa siku tulielewana na sitaki watu waende kuwarushia mawe kwa jambo lililokwisha. Wapo Ulaya huko. Gemu yao ni ya vigari vinavyosukumana kwenye uwanja mdogo, wanne skrini moja, na ikiwa inafanya kazi ni tamu hatari. Raundi ni kama dakika mbili tu, mtu anagongwa anatupwa nje ya uwanja, wenzake wanamcheka, pedi inapokelewa na mwingine, foleni inatembea, na banda likiwa na foleni inayotembea ndo hela hiyo. Nikaiweka buku mbili nusu saa kwa kundi, yani kila mtu jero yake.

Halafu ikaja apdeti. Ilijishusha yenyewe usiku, mimi sina habari, kesho yake vijana wanakaa kucheza, pedi ya kwanza freshi, ya pili freshi, ukigusa ya tatu gari la tatu na la nne yanaondoka kwa pamoja kama yamefungwa kamba, ukigusa ya nne hakuna kitu. "Bro pedi zako mbovu hizi, nirudishie jero yangu." Nimechomoa nimechomeka upande wa pili, nimebadili waya, wapi. Naenda kwenye gemu nyingine pedi hizohizo zinapiga kazi kama kawaida. Ila nani atakuelewa? Mtaani ikishasemwa kwamba pale kwa fulani pedi mbovu imeshasemwa, wanahamia banda la jirani.

Kurudishiwa hela nako kulishapita. Utaratibu wa Steam tangu 2015 ni kwamba unarudishiwa ukiomba ndani ya siku 14 toka ununue na uwe umeicheza chini ya saa mbili, na saa mbili kwenye banda zinaisha kabla mama wa chapati hajapita. Kilichobaki ni kuandika. (Steam hawana nyota, wana gumba juu na gumba chini, ila nikisema nyota moja kwa gemu ya Steam namaanisha gumba chini, ili tusichanganyane na Play Store.) Nikaandika kwamba ilikuwa gemu nzuri mpaka apdeti, sasa hivi pedi mbili zinaendesha gari moja, nina banda na napoteza wateja, siipendekezi. Gumba chini.

Jibu likaja mapema, hapo niwape haki yao. Lakini jibu lenyewe sasa! Asante kwa maoni yako, pole kwa usumbufu uliojitokeza, maoni ya wachezaji wetu ni muhimu sana kwetu, tafadhali tuandikie kwa barua pepe. Basi. Hakuna pedi, hakuna gari, hakuna apdeti, yani ungelichukua jibu hilo ukalibandika kwenye rivyu ya pasi ya umeme lingekaa vilevile. Nikashuka chini kusoma wenzangu wamejibiwaje, nikacheka. Kuna mmoja alilalamikia bei, kajibiwa hayohayo. Kuna mwingine gemu haifunguki kabisa kwenye mashine yake, hayohayo. Na kuna mmoja aliyeweka gumba chini kwa utani tu, kasema gemu imemgombanisha na kaka yake, na yeye kapewa pole kwa usumbufu uliojitokeza.

Hii kopi na pesti ndo ugonjwa mkubwa wa kampuni ndogo siku hizi na mimi naichukia kuliko hata kunyamaza. Anayenyamaza huenda yuko chini ya gari anafunga nati, huwezi kujua. Huyu wa kopi na pesti ameonesha kabisa kwamba amepita, ameona jina lako, hajasoma.

Nikaihariri rivyu yangu, nikaongeza mstari kwamba nimejibiwa na roboti na pedi bado zimekufa. Na hapa ndo mambo yakabadilika kwa sababu safari hii alikuja mtu, sijui ni yule fundi mwenyewe au nani, lile jibu la kwanza likaondolewa likawekwa lingine. Akauliza pedi zangu ni za aina gani, zote ni za aina moja?, nimechomeka moja kwa moja kwenye mashine au nimepitisha kwenye ile ekstensheni ya USB yenye matundu manne, na je tatizo linatokea nikiwasha na pedi mbili tu. Maswali matatu, mafupi, hakuna asante wala pole. Mimi hapo nilishatulia moyo hata kabla hajatengeneza chochote, maana fundi anayeuliza swali la maana ameshaanza kazi.

Tukawa tunaandikiana pale chini. Kumbe shida ipo hivi: mbili kati ya pedi zangu ni zile za bei rahisi, za kopi, ambazo zikichomekwa zinajitambulisha kwa mashine kwa namba ileile kama mapacha, na ile apdeti ilibadilisha namna gemu inavyozitambua pedi, zamani ilikuwa inahesabu kwa tundu ilipochomekwa, sasa ikawa inasoma ile namba, ikikuta namba mbili zinafanana inajua ni pedi moja. Huko kwao kila mtu kwenye timu ana pedi za orijino, nani angeligundua? Ilibidi litoke Chang'ombe. Alivyonielewesha akanipa njia: unabofya gemu kwa batani ya kulia kwenye maktaba ya Steam, unaingia kwenye mipangilio yake, kuna sehemu ya beta, unaweka nenosiri wanalokupa, inashuka toleo la majaribio lenye marekebisho kabla wengine hawajalipata. Nikafanya. Pedi nne, magari manne, kila mtu na lake. Vijana wakarudi hawakujua hata nimehangaika na nini.

Rivyu nimeibadilisha ikawa gumba juu, na nimeandika kwa nini. Ila nyota ya tano siwapi, na sababu sio lile jibu la kwanza tu. Ukifungua orodha ya mabadiliko ya toleo lililofuata hawakuandika popote kwamba tatizo la pedi za kufanana limetatuliwa, na kuna watu wengine kule chini wenye kilio kilekile cha kwangu bado wanapewa pole kwa usumbufu. Yani fundi ana dawa, wa dukani hajaambiwa. Sasa mtu wa Mbeya au wa Manila aliyenunua pedi za bei ya mimi atajuaje kwamba limeisha?

Nije kwenye simu, huko ndo kuna vituko. Nje ya banda langu kuna kijiwe cha drafti, na kuna mzee pale, fundi cherehani mstaafu, akikukalisha ubaoni unaamka umeliwa kete zote na maneno juu. Mjukuu wake akamshushia gemu ya drafti kwenye simu, ya kampuni fulani ndogo, nao jina hapana. Siku ya pili mzee kaniita, shikamoo mzee, marahaba, "hebu nione mwanangu, hii kitu kila nikitaka kula kete linakuja tangazo la mkopo." Na kweli, kila baada ya hatua mbili tatu tangazo, na lile tangazo alama yake ya kufungia ni ndogo kama chawa, ukikosea kidole unapelekwa kushusha apu nyingine. Nikaandika nyota moja kwa akaunti yangu, nikaeleza vizuri kabisa: mchezaji mtu mzima, matangazo katikati ya mchezo, alama ya kufungia haishikiki.

Jibu: badilisha iwe nyota tano halafu tutumie picha ya skrini, tutakupa koini elfu tano za ndani ya gemu.

Mzee nilivyomsomea akauliza hizo koini unanunulia nini. Nikamwambia unanunulia ubao wa rangi nyingine. Akasema basi wao waendelee na ubao wao, akarudi kwenye wa mbao.

Kwa wasiojua, hiyo hairuhusiwi. Google wenyewe kwenye masharti ya Play Store wanakataza kununua nyota kwa zawadi, na ukikuta jibu la hivyo una haki ya kuliripoti. Na kuna kitu kingine watu wengi hawakijui: kuanzia mwishoni mwa 2021 nyota unazoziona Play Store kwenye simu zinatokana na watu wa nchi uliyosajiliwa. Ukiwa Tanzania unaona walichosema watu wa Tanzania. Na sisi wa huku tunaoandika tupo wachache, wengi tunafuta apu tunasonya tunaendelea na maisha, kwa hiyo nyota moja yako wewe wa Nkuhungu inaonekana kweli kweli kwenye wastani wa huku. Kampuni ikikujibu unapata taarifa, na unaweza kurudi ukabadilisha. Jibu lenyewe wamewekewa kikomo cha herufi 350, ambayo ni kama meseji mbili za kawaida na kidogo, kwa hiyo mtu asije akasema sikuwa na nafasi ya kupiga porojo, nafasi ya kuuliza "simu yako aina gani" inatosha na chenji inabaki.

Sasa hao wa pole na hao wa koini bado ni waungwana ukilinganisha na waliowahi kutokea. Kuna studio ya Marekani inaitwa Digital Homicide, ilikuwa ndogo tu, ndugu wawili. 2014 wakatoa gemu ya kupigana na mazombi, The Slaughtering Grounds, mchambuzi wa YouTube Jim Sterling akaiponda vibaya. Wangeweza kukaa kimya wakarekebisha. Wakaanza kwa kutoa video ya kumtukana mchambuzi, wakaja na madai ya hakimiliki ili video yake ishushwe, na Machi 2016 wakaenda mahakamani wakidai dola milioni 10. Haikuishia hapo, Septemba mwaka huohuo wakafungua kesi nyingine dhidi ya watumiaji 100 wa Steam, watu wa kawaida kabisa walioandika maneno yao kule, wanadai dola milioni 18! Wateja wako mwenyewe jamani. Steam wakaondoa gemu zao zote dukani. Kesi ya milioni 18 wakaiacha wenyewe, na ile ya Sterling ikafutwa Februari 2017. Leo hakuna anayekumbuka zile gemu zilichezwaje, watu wanakumbuka kesi.

Kabla yao kulikuwa na Wild Games Studio wa Kanada, 2013, gemu yao Day One: Garry's Incident ilipondwa na mchambuzi mwingine wa YouTube, TotalBiscuit, wakatumia hakimiliki video ikashuka YouTube. Kelele zikawa kubwa mpaka wakaondoa madai na kuomba radhi, na watu ambao hawakuwahi kuisikia hiyo gemu wakaijua kwa ubaya. Halafu 2018 wakaja Insel Games, hawa hawakugombana na rivyu mbaya, walitaka kuzifunika: barua ya bosi ikavuja, inawataka wafanyakazi wanunue gemu ya kampuni, Wild Buster, waandike rivyu, hela watarudishiwa. Steam ikakata biashara nao, gemu zote chini. Mimi hao wa mwisho ndo wananikera zaidi, kwa sababu mgomvi unamwona anakuja, huyu wa kutunga rivyu anakuibia wewe msomaji bila kukugusa.

Lakini ngoja niwatetee kidogo, kwa sababu ukipiga hesabu unaelewa presha inatoka wapi. Steam hawaweki lebo ya jumla mpaka gemu ifikishe rivyu 10 za watu walionunua, na tangu Septemba 2016 rivyu za walioifungulia gemu kwa namba za siri zilizotoka nje ya Steam, zikiwemo zile za kugawa bure, hazihesabiki kwenye alama. Sasa chukua studio ndogo ina rivyu 10, nzuri 7, mbaya 3. Hiyo ni asilimia 70, inapata lebo ya bluu, nzuri kwa sehemu kubwa. Mtu mmoja tu akiamka vibaya akaweka gumba chini inakuwa 7 kati ya 11, asilimia 63 na kitu, lebo inageuka ya mchanganyiko, ile rangi ya udongo. Mtu mmoja! Kampuni kubwa yenye rivyu laki mbili haisikii hata mbu, huyu mdogo ameona duka lake linabadilika rangi mbele ya macho yake na kodi ya nyumba bado. Ndo maana wengine wanajibu usiku wa manane, wanajibu kwa jazba, ukisoma unaona kabisa huyu hajalala.

Na zile saa mbili za kurudisha hela nazo zina upande wake. 2021 kuna mtengeneza gemu mmoja, Emika Games, alitoa gemu fupi ya kutisha, Summer of '58, inaisha chini ya saa mbili. Watu wakaicheza yote mpaka mwisho, wengine wakaandika rivyu nzuri kabisa, halafu wakaomba hela yao. Akatangaza kwamba anaacha kazi ya gemu kwa muda usiojulikana. Unasifiwa na unanyang'anywa kwa wakati mmoja, hapo utajibu nini? Mimi nilivyoisoma hiyo niliacha kuwacheka wadogo wanaolialia.

Wanaoniachia maswali zaidi ni walionyamaza. Hello Games wa Uingereza walikuwa timu ndogo, kama watu 15 hivi, Agosti 2016 wakatoa No Man's Sky baada ya kuahidi dunia na mbingu, watu wakanunua wakakuta nusu ya yaliyosemwa hayamo, hata kukutana na mwenzako ndani ya gemu haiwezekani. Rivyu zilivyomwagika sio za kawaida, mpaka malalamiko yakafika kwenye mamlaka ya matangazo ya Uingereza, ambayo mwishoni mwa Novemba mwaka huo ikasema ukurasa wa gemu kwenye Steam haujapotosha. Muda wote huo bosi wao Sean Murray na watu wake kimyaaa. Hakuna pole, hakuna kujitetea. Novemba wakatoa apdeti ya kwanza kubwa, bure, mwaka uliofuata zingine, Julai 2018 wakaleta ule mchezo wa pamoja watu waliokuwa wanaulilia, na wakaendelea tu, zote bure, mpaka 2024 lebo yao ya jumla Steam ikafika nzuri sana. Miaka minane! Kwa kanuni yangu mimi ya kusoma majibu hawa 2016 ningewapa sifuri, wangenitoka. Bado nasema walikosea kuwaacha watu gizani miezi yote ile, sentensi moja tu ya "tumeona, tunafanya kazi" isingewaua. Ila kati ya huyo na wa kopi na pesti nachagua yeye bila kufikiria.

Kimya kingine ni kile cha Fntastic. Hao walitoa The Day Before tarehe 7 Desemba 2023, rivyu zikawa mbaya kupindukia, tarehe 11 wakatangaza kampuni imefungwa. Siku nne. Angalau wanunuzi walirudishiwa hela, seva zikazimwa Januari. Hapo hata ukisoma majibu utasoma nini, mwenye duka kashapanda basi.

Na sisi wanunuzi nasi tuna lugha gani? Nenda kwenye apu yoyote ya Play Store soma rivyu za huku kwetu: "mbovu", "wezi", "haifunguki", "nirudishieni bando langu". Mwingine anaweka nyota moja kwa sababu mtandao ulikata. Sasa hapo fundi afanye nini, apige ramli? Rivyu yangu ya pedi ilipata mtu wa kuijibu kwa sababu ilisema nini kimeharibika na lini kimeanza, na hata hivyo ya kwanza ilikutana na roboti. Ukitaja simu yako au mashine yako, ukataja toleo na unafanya nini likitokea, hata kampuni mvivu inaona aibu kukupa pole kavu. Ukiandika "wezi" utapewa pole kavu na unaistahili. Kelele za pamoja nazo zina nguvu yake, sikatai, Mei 2024 Sony walivyotaka kila mchezaji wa Helldivers 2 kwenye pisi aunganishe akaunti ya PlayStation zilimwagwa rivyu mbaya zaidi ya laki mbili, ndani ya siku chache wakarudi nyuma, na hilo lilituhusu kabisa maana gemu ilikuwa imeondolewa kuuzwa kwenye nchi zaidi ya 100 ambazo akaunti hizo hazipo, Tanzania ikiwemo. Ila hiyo ni kampuni kubwa. Ukiipigia kelele za laki mbili studio ya watu watatu hawabaki wa kukujibu.

Pale stendi ukimwambia muuza zabibu kwamba zabibu zako chachu, kuna anayekukatia kichane kingine uonje, kuna anayekwambia pole dada pole kaka huku anamhudumia mwingine, na kuna anayekuuliza kwani ulilazimishwa kununua. Zabibu zote zimetoka shamba lilelile la Hombolo.

Nimekaa na haya majibu sana sasa, na kuna vitu viwili vinavyonifanya nitoe hela haraka. Cha kwanza, kampuni inajibu rivyu mbaya ya zamani ikisema tatizo hili tulilitatua kwenye toleo fulani, jaribu tena. Hiyo inamaanisha wanarudi kusoma wateja wao wa jana, wengi hawafanyi. Cha pili, na hiki ni adimu, kampuni inasema hapana. Mtu kaandika gemu haina mchezo wa onlaini, wakamjibu kweli haina na haitakuwa nayo, timu yetu ni ndogo, kama unataka onlaini usinunue. Wengine wanaona kiburi. Mimi hao nawanunulia hata gemu nisiyoihitaji, kwa sababu wameshanionesha kwamba hawatanidanganya kwa ajili ya dola kumi.

Kinachonikimbiza ni wakianza kuuliza umecheza saa ngapi. Steam inaonesha saa za mchezaji pembeni ya rivyu, basi kuna watengenezaji wanashikilia hapohapo, "umecheza dakika 40 tu huwezi kujua", au upande wa pili "umecheza saa 200 halafu unasema mbaya?" Sasa mteja alalamike akiwa na saa ngapi? Dakika 40 zinatosha kujua pedi haifanyi kazi, na saa 200 ndo zinakupa haki ya kusema imeharibiwa.

Kwa hiyo hawa wa vigari nawapa nne kati ya tano, wakiandika ile habari ya pedi za kufanana kwenye orodha yao ya mabadiliko nitarudi kuongeza. Wa drafti moja, na hiyo moja ni kwa sababu Play Store haina sifuri, na lile jibu la koini nimeshaliripoti. Gemu ya vigari ipo kwenye pisi ya pembeni ya mlango, buku mbili nusu saa, pedi zote nne zinafanya kazi, ila Jumamosi mje mapema maana vijana wa chuo wakishaikalia hawaiachii.